Ekari Mbili za Zabibu Bwera

Bwera, 2 Machi 2025

Olivia, mutoto wa marehemu kaka yangu Sunday, unayekaa Dodoma,

Barua yako imenikuta saa nne ya asubuhi, nimekaa na watu wazito. Magidu mwenye lori ndiye ameileta. Amesema alikuwa anashusha simenti hapo karibu na kituo chenu cha zabibu, ukasikia matamshi yake, ukamuuliza kama anajua Bwera, akakujibu Bwera nzima iko ndani ya mufuko wake. Huyo Magidu anapenda kujisifu sana, mutoto wangu, umuangalie.

Watu wakaniuliza, nani anakuandikia kutoka Tanzania? Nikawaambia ni binti yangu, profesa wa zabibu. Umeandika kwamba wewe ni mukusanya takwimu wa mukataba, nimesoma. Hapa Bwera hatuna kiti cha jina refu hivyo, kwa hiyo wewe ni profesa.

Umeuliza kama ule muzabibu baba yako alikusimulia, ule babu yako Yeseri aliupanda, bado uko. Mutoto, uko ni neno dogo. Umezaa. Leo niko na ekari mbili, miti mia nane, imesimama kwa mustari kama wanajeshi wanangoja mushahara. Aina ziko nne: nyekundu, nyeusi, nyeupe, na moja inageuka rangi kufuatana na hewa. Mwaka juzi Mufaransa alitoka Butembo ya Congo, akala punje moja, akavua kofia. Akakaa bila kofia mpaka saa kumi na jua lote lile.

Jani umeliomba, sitatuma sasa. Ukichuma jani Machi muti unakasirika.

Simu yangu iko na ni kubwa, lakini mutandao ya hapa inavuka mpaka wa Congo bila pasipoti. Unapigia Blasio, anapokea mutu wa Kasindi. Barua ni bora.

Muke wangu Vasta anakusalimia.

Ni mimi baba yako mudogo,
Blasio, Mukulima Mukubwa wa Zabibu


Dodoma, 23 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Blasio,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Baba alipofariki nilidhani habari za nyumbani zimekwisha, kwa sababu sijawahi kufika Bwera na Lukonzo changu, lugha ya kwenu, ni maneno manne.

Nikueleze kazi yangu vizuri. Tunaandika orodha ya zabibu za divai duniani: aina gani inalimwa nchi gani, na kwenye eneo kubwa kiasi gani. Aina zipo zaidi ya elfu moja, lakini ajabu ni jinsi zinavyohama. Malbec ni ya Ufaransa, lakini leo kwao ni Ajentina. Chenin, ambayo hata sisi Dodoma tunayo, imejaa Afrika Kusini kuliko kule ilikotoka. Na ipo moja, Carménère, Wafaransa waliihesabu kuwa imepotea. Kumbe ilikuwa Chile miaka yote, katikati ya mashamba ya Merlot, na wenye mashamba hawajui.

Kwenye orodha yetu mstari wa Uganda ulikuwa mtupu. Sasa nimeujaza: Uganda, Bwera, ekari mbili, aina nne. Mkuu wangu, Bi Sumayah, aliusoma kwa sauti mbele ya kikao. Mkataba wangu unakwisha Desemba, Baba Mdogo, na Bi Sumayah amesema mtu aliyeipata Uganda ni mtu wa kubaki naye. Orodha inakwenda kuchapishwa mwisho wa mwaka. Novemba nitakuja mwenyewe na futi kupima shamba na kuchukua majani.

Swali moja: mnapogoa mara ngapi? Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo tusipoukata hauzai, unatambaa tu. Sisi tunakata mara mbili kwa mwaka.

Binti yako,
Olivia


Bwera, 6 Aprili 2025

Magidu, Hajji usiyeijua Maka,

Funga mulango kwanza.

Unaujua muzabibu wangu. Ni moja. Umelala juu ya paa ya jiko ya Vasta miaka arobaini, umeshuka nyuma, umekamata choo, sasa unanyemelea mufenesi wa jirani. Mwaka jana umezaa vichala vitatu. Viwili ndege wamekula, cha tatu nimekula mimi, nikakunja uso mpaka Vasta akauliza kama nimeumwa na nyuki. Hiyo ndiyo ekari mbili.

Sikupanga kudanganya. Kalamu ilianza kutembea, mimi nikafuata. Huyu mutoto hajaniona na macho. Baba yake alivyoondoka hapa, mimi nilikuwa kijana wa kuvaa mashati yake ya zamani, na nafikiri ndivyo alivyomusimulia. Nilitaka akisikia baba mudogo, asikie mutu.

Sasa ameandika ekari zangu kwenye kitabu cha dunia, na wakubwa wake wakikuta hakuna kitu, kazi yake inaisha. Anakuja Novemba na futi.

Niletee nguzo sitini na waya. Akikuta nguzo, atajua angalau nia iko.

Usiniambie niukate huo muti nipande vijiti. Muzee Yeseri alipata kijiti kwa padri wa Butembo, akakileta kwa baiskeli siku tatu, amekifunga na kitambaa cha maji. Alisema kisu isiuguse. Mimi sijawahi kuvunja hata tawi ya kusafishia meno.

Blasio


Kasese, 11 Aprili 2025

Ndugu yangu Blasio,

Assalamu alaikum. Mimi Mwislamu, baba yangu Mwislamu, na leo naambiwa nipakie nguzo za shamba la divai. Sawa. Zabibu ni tunda na nguzo ni mti, hayo nitabeba. Uongo ubebe mwenyewe, lori langu lina kipimo.

Nguzo bila miti, mtu akija ataona ni zizi. Atauliza ng'ombe wako wapi.

Nimetafuta miche. Kinyamaseke nimeuliza soko zima, mama mmoja akaniuliza zabibu inatibu nini. Kasese hakuna. Karusandara wana mpunga na mahindi. Kwa hiyo mti ni huo ulio juu ya jiko. Unasema mzee alikataza kisu. Blasio, nilikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na panga jipya, ulikuwa umeshakata migomba ya bibi yako, kahawa ya shule na mkia wa mbuzi. Mzee hakukataza kisu. Alikukataza wewe.

Njia ni mbili. Kata, au mwandikie binti ukweli. Ya pili ni rahisi na haihitaji nguzo.

Magidu


Bwera, 4 Mei 2025

Binti yangu Olivia,

Hapa shamba inapendeza mpaka inachosha macho. Kupogoa tunapogoa sana. Juzi niliita watu kumi na wawili, tukaanza alfajiri, jua linazama bado tunakata.

Iko jambo dogo. Wakulima wadogo wadogo wananisumbua, wanataka kujua namna ya kuotesha muzabibu kutoka kwa kijiti. Mimi najua, lakini mutu mukubwa akieleza sana wanamuzoea. Hebu andika wewe kwa maneno ya shule, niwasomee. Kijiti urefu gani, kinakaa namna gani, maji kiasi gani. Usiache kitu hata kama unaona ni cha kitoto, maana hawa watu hawajui kitu kabisa.

Fanya haraka kidogo, wako hapa mulangoni.

Baba yako mudogo,
Blasio


Dodoma, 25 Mei 2025

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Samahani, lori la Magidu lilichelewa na barua yako imenifikia leo.

Waambie hao wakulima wachague tawi lililokomaa, nene kama penseli. Wakate vipande vyenye macho manne. Macho mawili ndani ya udongo, mawili nje, kijiti kisimame wima, na kile kilichokuwa juu kwenye mti kibaki juu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kwanza kwenye viriba au makopo yaliyotobolewa, shambani baadaye. Wasilaze kijiti kama muhogo; kwenye mvua kitaoza.

Nimefurahi kwamba unafundisha wengine. Nimemweleza Bi Sumayah.

Olivia


Bwera, 22 Juni 2025

Magidu,

Nimekata.

Sikungoja jibu ya binti. Nilipanda juu ya jiko tarehe kumi ya Mei, nikakaa kwa paa na panga magotini kama mutu anangoja basi. Vasta akaniambia shuka au kata, anataka kupika. Nikakata. Niliacha shina na mikono miwili mifupi tu. Jiko ikabaki kama kuku amenyonyolewa, na sisi wote wawili tukaona kumbe paa yake ilikuwa na rangi ya bluu.

Vijiti mia moja hamsini. Nikavipanda namna baba zetu wote wamepanda muhogo: mufereji, unalaza kijiti, unafunika, unaenda nyumbani. Muhogo haijawahi kunikatalia. Nikaweka nguzo zako pembeni, nikaanza kutembea hapo jioni na mikono nyuma.

Wiki ya tano nikafukua kimoja. Kimeoza. Cha pili kimeoza. Nikafukua mustari mzima, Magidu, vyeusi vyote, laini kama ndizi ya juma iliyopita. Siku hiyo hiyo ndiyo barua ya binti ikafika: wasilaze kijiti kama muhogo. Imeandikwa kwa wino ya bluu, vizuri sana.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye udongo. Sikulilia ekari. Nililia muzee. Alikileta kile kijiti siku tatu kwa baiskeli, na mimi nimekimaliza asubuhi moja, kwa sababu ya kujisifu kwa mutoto wa watu.

Ndipo Vasta akaniita nyuma ya nyumba. Wakati mimi nalaza vyangu, yeye aliokota arobaini, akavisimamisha kwenye madumu aliyokata, namna anavyosimamisha maua yake ya kanisani. Hakuniambia, anasema ningemufundisha. Thelathini na nane vimetoa majani.

Na ile shina juu ya jiko, ile nilifikiri nimeua, imechipua kila mahali panga imepita. Kwa kila chipukizi iko kitu kidogo kama kichala cha mutama, kijani. Nimehesabu mpaka arobaini nikaacha. Miaka arobaini tunaulinda na kisu, kumbe ulikuwa unangoja kisu.

Lakini thelathini na nane kwenye madumu si ekari mbili. Nifanye nini?

Blasio


Kasese, 19 Julai 2025

Blasio,

Nimerudi kutoka Dodoma jana. Binti yako alinikaribisha chai kituoni. Amenunua buti za shambani. Amenionyesha futi mpya ya mita hamsini, ameikunja ndani ya sanduku lake, na barua zako zote ziko chini ya hiyo futi. Aliniuliza, "Baba Magidu, ni kweli miti imesimama kwa mstari?" Nikamwambia mimi ni mtu wa lori, shamba naliona nikiwa napita.

Hilo ndilo la mwisho nitakalosema kwa ajili yako. Mtoto anajivunia jina lako kwa wenzake. Yule mama mkuu wao amesema tarakimu zinafungwa mwezi wa tisa, na baada ya hapo kufuta ni aibu ya kituo kizima.

Utamwandikia nini, hilo ni lako. Lakini nitapita Bwera Jumatatu ya tarehe nne, na nataka bahasha iliyofungwa mkononi. Sitaki kuja kukuta unatembea kati ya nguzo.

Magidu


Bwera, 3 Agosti 2025

Olivia,

Huku mvua imeanza mapema. Mahindi iko vizuri. Jirani amenunua pikipiki nyekundu. Vasta anakohoa kidogo lakini si sana.

Hakuna ekari mbili.

Nimeandika hiyo mustari sasa, siwezi kuifuta maana niko na karatasi moja. Hakuna miti mia nane, hakuna aina nne. Mufaransa hakuna, alipita Mubelgiji mumoja akiuliza njia ya mulimani, na hakula kitu. Watu kumi na wawili wa kupogoa ni mimi peke yangu juu ya paa. Wale wakulima wadogo waliokuwa mulangoni wanataka kufundishwa, nao ni mimi.

Uko muti moja wa babu yako, umekaa juu ya jiko miaka arobaini bila dawa, umeshuka mpaka umekamata choo. Nimeukata na panga mwezi wa tano nipate kutimiza uongo wangu kabla hujaja, nikalaza vijiti kama muhogo, mia moja na kumi zimeoza. Vasta amesimamisha arobaini, ziko hai thelathini na nane, kwenye madumu. Hizo ni zake, si zangu. Muti wa babu umezaa baada ya kukatwa, kama wewe ulivyosema unakatwa ndipo uzae. Hiyo peke yake ndiyo habari ya kweli nimewahi kukutumia, na nimeichelewesha.

Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umeniuliza kitu. Watu hawaniulizi kitu, Olivia. Wananisikiliza wakicheka, halafu wanaenda kumuuliza mutu mwingine. Ikaja barua kutoka Tanzania, imeandikwa jina langu juu, inauliza. Nikaogopa kukujibu na muti moja, nikafikiri baba yako alikusimulia tu yule mudogo wa kuvaa mashati yake ya zamani.

Mwambie mukubwa wako wa kazi hapo kituoni kwamba mwenye kosa ni muzee mumoja wa Bwera. Muonyeshe barua hii. Nimeweka jina langu yote.

Blasio, mutoto wa Yeseri, mudogo wa Sunday


Dodoma, 31 Agosti 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nimeufuta mstari wa Uganda kwa mkono wangu, mbele ya Bi Sumayah. Aliniuliza nani alipima ekari mbili. Nikasema hakuna aliyepima, ni ndugu yangu. Akasema kwenye fomu hakuna sehemu ya undugu. Mkataba wangu utajadiliwa Desemba na sina matumaini.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta maneno makali. Baba aliwahi kuniambia kwamba mdogo wake akianza hadithi hata mwenye haraka anavua viatu. Alisema hivyo akicheka. Hakuniambia nisiandike kwenye orodha, hilo nililifanya mwenyewe. Mashati hakuwahi kuyataja.

Nina hasira bado, sitaficha. Lakini kuna kitu kinanisumbua kuliko hasira. Zabibu zetu za Dodoma zinapenda ukame. Ukizipeleka kwenye mvua kama zenu, ukungu unazimaliza. Na wewe unaniambia kuna shina limekaa kwenye mvua miaka arobaini, bila dawa, bila mtu, likala jiko na choo, halafu likakatwa kwa panga likazaa. Hiyo ni aina gani?

Nitumie majani matano. Yaweke kati ya magazeti, chini ya kitu kizito, siku kumi. Niandikie upande wa chini wa jani una rangi gani. Usinipambie.

Olivia


Bwera, 28 Septemba 2025

Binti yangu,

Majani haya hapa, matano. Nimeyaweka chini ya jiwe ya kusagia siku kumi na moja, moja zaidi kwa sababu siku ya kumi ilikuwa Jumapili.

Chini ya jani ni nyeupe, na iko manyoya kidogo, kama blanketi ya mutoto. Juu ni kijani. Punje bado ni ngumu, zimeanza kuwa nyeusi upande wa jua.

Vichala ni arobaini na saba. Vasta amehesabu, mimi nimesimama mbali. Miche sasa ni thelathini na tatu. Mitano ameila mbuzi ya jirani, na nilitaka kukuandikia kwamba ilikuwa chui, lakini ilikuwa mbuzi, ya kahawia, inaitwa Tumukunde, jina la mutu aliyewauzia.

Nguzo nimezirudisha kwa Magidu, isipokuwa kumi na moja. Hizo nimetengeneza kichanja nyuma ya jiko, ndiyo matawi yakae.

Kuhusu kuja, sikuombi. Lakini chumba iko, na Vasta ameosha mapazia mara mbili.

Blasio


Dodoma, 7 Desemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo na Mama Vasta,

Shikamooni. Nimefika Dodoma salama kutoka kwenu. Mama Vasta, kikapu kilifika kizima, na nusu ya zabibu zilifika pia; nusu nyingine mwulize Magidu. Aliniambia ni matunda tu na kwamba njia ni ndefu.

Baba Mdogo, bado nacheka nikikumbuka ulivyonipokea pale stendi ya Bwera. Nilitegemea hotuba. Wewe ulinishika mkono, ukaniambia, "Shamba ni ndogo," ukabeba sanduku langu mpaka nyumbani. Kwa siku nne nilizokaa kwenu nimekusikia ukiongeza chumvi mara mbili tu, na zote zilihusu mvua.

Sasa habari. Ule weupe chini ya jani, ile ngozi inayotoka kwenye punje kama soksi, na harufu kama ya pipi: Bi Sumayah alionja moja, akatazama jani, akasema kabla ya mimi kufungua kitabu. Mzabibu wa babu unaitwa Isabella. Asili yake ni Amerika. Umetembea dunia kuliko sisi sote: upo Brazili, upo India, upo Jojia, upo visiwani huko Ureno. Si zabibu ya wafalme, nisikudanganye. Divai yake Ulaya haina sifa, na hata kuuzwa kama divai wameukatalia. Lakini penye mvua na joto, ambapo zile zenye majina makubwa zinakufa, huu unabaki. Padri wa Butembo aliyempa babu kijiti alijua anachofanya.

Nilimwonyesha Bi Sumayah vipimo vyangu vyote, na barua yako ya Agosti, kama ulivyotaka. Aliisoma mpaka mwisho. Akaniuliza kama kuna wazee wengine kama wewe huko milimani, wenye shina moja juu ya jiko. Nikasema wapo, wamisionari walipita kote. Akasema basi ndiyo kazi, kuanzia Januari, miezi sita: kutafuta mashina ya zamani kutoka Kasese kwenda kusini. Nimebaki, Baba Mdogo.

Na mstari umerudi; Bi Sumayah ameifungua orodha kwa ajili yake kabla haijachapishwa. Nakunakilia kama ulivyo: Uganda. Bwera. Isabella. Shina moja la miaka arobaini, miche thelathini na tatu. Imepimwa.

Kwenye nafasi ya mkulima nimeandika majina mawili, lako na la Mama Vasta. La kwake limetangulia.

Binti yenu,
Olivia


Bwera, 28 Desemba 2025

Binti yangu Olivia,

Vasta ameweka nakala ya ule mustari kwenye fremu, ukutani, mahali picha yangu ya jeshi ilikuwa.

Umeandika Ulaya wameukatalia. Nimefurahi sana. Nimewaambia watu hapa kwamba Ulaya nzima imekaa kikao kwa sababu ya muzabibu wa baba yangu. Hiyo si uongo, umeandika mwenyewe, nimebadilisha mupangilio tu.

Miche iko yote thelathini na tatu. Iko kwenye udongo sasa, imesimama wima. Mbuzi amefungwa.

Lakini iko jambo imetokea nataka ulisikie kwangu kwanza. Juzi amekuja mutu wa Karusandara, anaitwa Tsongo, amevaa buti safi, amesikia habari, anataka vijiti. Akaniuliza, "Muzee, uko na miti ngapi?"

Mudomo yangu ikafunguka. Vasta alikuwa anachambua maharage mulangoni, mikono ikasimama.

Nikasema, "Moja ya zamani na midogo thelathini na tatu."

Yule mutu akacheka, akanipiga bega. "Muzee, usinifiche. Mukulima kama wewe, jina lako liko kwenye kitabu ya dunia!"

Nikarudia. Akakataa. Nikamushika mukono, tukahesabu pamoja na kidole, mara mbili, kichanja na jiko na yote. Tulipomaliza ya thelathini na tatu akazunguka nyuma ya choo kuangalia kama kuna zingine. Akarudi, akaniambia taratibu kwamba anaelewa, mutu mwenye mali lazima awe na siri, na yeye hatasema.

Ameondoka na vijiti kumi. Leo Magidu amenipigia kutoka Kasese, anacheka mpaka simu inakohoa: huko mujini wanasema Blasio wa Bwera ameficha shamba kubwa ya zabibu upande wa Congo.

Mutoto wangu, naandika hii mapema. Hiyo habari ikifika Dodoma, wewe jua tu si mimi nimesema.

Baba yako mudogo,
Blasio